Viatu vya Nchi ya Komeo

Nchi ya Komeo ipo, na anayebisha aende akaione mwenyewe. Ila viatu vyake aviache kwao, kwa sababu akivipeleka hatarudi navyo. Mwatime alivipeleka. Alikuwa amevaa makubadhi ya ngozi, mapya, yale ya kutokea, na langoni yakachukuliwa na kijana mmoja mpole aliyeyashika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya.

"Haya ni ya hatari, mama," kijana alisema. "Hayana mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi."

"Nina maana hayana Nyumba."

Ndipo Mwatime akaelezwa, kwa upole uleule, mambo yanavyokwenda. Katika Komeo barabara zote ni za Nyumba mbili, Nyumba ya Shaba na Nyumba ya Bati, na kila Nyumba inauza viatu vya barabara yake. Barabara ya Shaba imepandwa vigingi vifupi vilivyobanana, na kiatu cha Shaba kina matundu chini ambamo vigingi hivyo huingia sawasawa. Vigingi vya Bati vimeachana. Ukikanyaga barabara ya Nyumba moja kwa kiatu cha nyingine unavunjika kifundo cha mguu, na hapo huna wa kumshitaki, maana umejitakia. Lango lilikuwa la Shaba, basi Mwatime akavishwa viatu vya Shaba. Bei ilikuwa ya kutupa. Kilichomshangaza ni kufuli dogo lililobanwa juu ya kila kifundo, trak, kabla hajamaliza kusema asante.

"Na ufunguo?"

"Ufunguo unabaki kwenye Nyumba, mama. Kwa usalama wako."

"Usalama wangu na nani?"

Kijana alicheka kwa adabu, kwani mafunzo yake yaliishia hapo. "Viatu ni vyako kabisa," alisema. "Unaweza kuvipaka rangi. Unaweza kuvirithisha. Unaweza hata kuzikwa navyo. Kuvifungua tu ndiyo hairuhusiwi."

Siku nyingine Mwatime angekaa chini palepale na kumtaka kijana yule amwonyeshe kitu gani duniani ni cha mtu na mtu huyo haruhusiwi kukifungua. Lakini siku hiyo hakuwa na nafasi ya mabishano. Alikuwa mkunga, na alikuwa ameitwa. Mdogo wake Mbeyu, ambaye alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, alikuwa ameolewa Komeo na alishazika watoto wawili, wote walikufa wakati wa kuzaliwa. Sasa alikuwa na mimba nyingine, na siku zilikuwa zimekaribia. Alimtumia dada yake maneno machache: njoo, huyu sitaki kumzaa bila mikono yako. Kwa hiyo Mwatime akanyanyua miguu yake mizito, akaingia nchini.

Njiani aliona mengi. Aliona waungwana, wenye fedha za jozi zaidi ya moja, wamening'iniza viatu shingoni, jozi juu ya jozi, za Shaba na za Bati, za kazini na za kutembelea wakwe, shingo zimepinda mpaka wanaongea wakitazama chini. Kwenye kila njia panda walisimama kumsubiri karani wa funguo, wavuliwe jozi hii na wavishwe ile, na waliokuwa wakisubiri walionekana wameridhika kabisa. Huko mzigo ule wa shingoni huitwa uhuru wa kuchagua. Mwatime alimwomba karani amuuzie na yeye jozi ya Bati. Akaambiwa mteja mpya hafunguliwi hadi awe wa zamani. Kuhusu wanaotaka kufunguliwa moja kwa moja, wapo, na wanalo dirisha lao maalumu, kubwa, limepakwa rangi nzuri. Ila lilijengwa upande wa Bati, kwa hiyo mwenye viatu vya Shaba hawezi kulifikia mpaka kwanza afunguliwe. Karani alilieleza hili bila hata kupepesa macho.

Alifika kwa Bi Mishi, mama mkwe wa Mbeyu, jua likiwa bado juu. Bi Mishi alimkumbatia, akampa maji, akamwita mwanangu, naye Mwatime hakuweza hata kumaliza salamu.

"Mbeyu yuko wapi?"

"Yule pale."

Nyuma ya nyumba barabara ya Shaba ilikaribiana na ya Bati. Katikati palikuwa na kipande cha udongo, chembamba kiasi kwamba mbuzi angekivuka kabla hajamaliza kutafuna. Na kweli palikuwa na mbuzi anavuka. Ng'ambo, mbele ya mlango wa nyumba ndogo, alisimama Mbeyu, tumbo limeshuka, ameshika ufito mrefu mkononi. Pembeni yake alikuwa mumewe, Ndoro, ambaye alivishwa viatu vya Bati siku alipopata kazi upande ule.

"Dada!" Mbeyu aliita, akanyoosha ufito. Mwatime hakuelewa. Alikunja kanga yake na kuweka mguu mmoja kwenye udongo. Soli ile nzito, yenye matundu, ikazama, ikanasa, na Bi Mishi akamvuta nyuma kwa nguvu zake zote.

"Unataka kufa? Ardhi inakula miguu!"

"Imekula ya nani?"

Bi Mishi alifikiri. Ilionekana hajawahi kuulizwa. "Hakuna aliyewahi kujaribu," alisema.

"Na yule mbuzi?"

"Mbuzi hana mkataba."

Basi Mwatime alipewa ufito, akaunyoosha hadi ncha yake ikagusana na ncha ya ufito wa mdogo wake hewani, tak, na watu wa pande zote mbili wakapiga vigelegele kwa kuwa ndugu wamekutana. Hivyo ndivyo watu wa Komeo wanavyosalimiana. Kwa fito wanapeana mikono, kwa fito wanapelekeana mabakuli ya mchuzi, na nusu ya mchuzi humwagika, wala hakuna anayelalamika. Harusi ya Mbeyu upande wa wakwe ilifanywa kwa fito. Bi Mishi hakuwa amemgusa mwanawe tangu apate ajira ile. Alilisema hilo huku akichambua mchele, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba mvua hunyesha mwezi fulani.

"Na mkunga?" Mwatime aliuliza. "Kule kwa Mbeyu kuna mkunga?"

"Bati hawana mkunga. Wanaahidi kila mwaka. Wakunga wako huku kwetu." Bi Mishi akamtuliza kwa kumpigapiga gotini. "Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Hapa tunazalisha kwa ufito. Mkunga husimama hapa ukingoni na kuelekeza kwa sauti, na Ndoro hufanya. Wembe na uzi tunavifunga kwenye ncha tunampelekea."

Mwatime alimtazama bila kuamini masikio yake. "Wale wawili walizaliwa hivyo?"

"Mungu hakupenda."

"Mungu msimtie kwenye vigingi vyenu!" Mwatime alifoka, kwani sasa alijua wale watoto walikufa kwa nini. Walikufa umbali wa ufito mmoja kutoka kwenye mikono ya mkunga.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwenye Ofisi ya Kumlinda Mnunuzi. Ofisi ipo, tena nzuri kuliko hospitali yoyote ya Komeo. Mlinzi Mkuu wa Wanunuzi, Mheshimiwa Shekue, alimpokea kwa heshima akiwa na wataalamu wawili, mmoja kila upande. Mwatime aliangalia viatu vyake kabla ya uso wake. Vilikuwa laini, havina kufuli, na soli yake ilikuwa na matundu ya barabara zote.

"Hivyo vinauzwa wapi?" aliuliza.

"Hivi haviuzwi," alisema Mheshimiwa. "Nyumba zote mbili zilinizawadia. Mlinzi wa wanunuzi lazima aweze kuwafikia wanunuzi wote."

"Basi niazime. Nivuke nimzalishe mdogo wangu, nikurudishie."

Mheshimiwa alicheka, wataalamu nao wakacheka, kwa zamu. Kisha akaelezea jambo hilo kwa kina. Komeo, alisema, ndiyo nchi inayomlinda mnunuzi kuliko zote. Mnunuzi ana haki ya kulalamika. Ana haki ya lalamiko lake kupokelewa, na ana haki ya kushukuriwa kwa kulileta. Mtaalamu wa kwanza akaongeza kwamba makufuli ndiyo yanayofanya viatu viwe rahisi, kwa hiyo anayetaka kuondoa makufuli anataka maskini waende peku.

"Yule aliyelipa bei yote kwa mkupuo," Mwatime aliuliza, "naye anafungwa?"

"Naye anafungwa," alisema mtaalamu, "ili asijisikie ametengwa."

"Na aliyemaliza mkataba?"

"Huyo ameshazoea."

Mtaalamu wa pili hakukubaliana kabisa na wa kwanza, na hapo wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja alishikilia kwamba mnunuzi ananunua kiatu. Mwingine alishikilia kwamba ananunua kule kukivaa, kiatu chenyewe kikibaki katika hali ya kuwa cha mnunuzi bila kutoka kwenye Nyumba. Mheshimiwa Shekue aliwasikiliza kwa furaha, mikono juu ya tumbo. Mjadala huu, alimwambia Mwatime, ulianza kabla yeye hajashika wadhifa, nao ni fahari ya taifa.

"Mdogo wangu anazaa leo au kesho," Mwatime alisema. "Nikilivunja hili kufuli?"

Wataalamu wakaacha kubishana.

"Hilo ni kosa la kujiibia," alisema Mheshimiwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa mbaya mbele ya watoto. "Mali ni yako, ndiyo. Lakini ukiichukua bila idhini ya Nyumba utakuwa umemwibia mwenye mali, na mwenye mali ni wewe. Utasimama kizimbani kama mwizi, na utaitwa tena upande wa pili kama uliyeibiwa, utoe ushahidi. Na usidhani unaweza kujisamehe. Sheria imeliziba hilo."

Mwatime alisimama. Alikuwa amekuja na maneno mengi ya adabu, na yote yalikuwa yamemwishia. "Watoto wawili wa mdogo wangu wamekufa," alisema. "Ninyi mmekaa hapa mnawalinda na nani?"

"Lalamiko lako limepokelewa," alisema Mheshimiwa. "Asante kwa kulileta."

Aliposikia makelele alikuwa bado mbali na kwa Bi Mishi. Alikimbia, kama mtu anaweza kuitwa anakimbia akiwa na vile vyuma miguuni. Watu walikuwa wamejipanga pande zote za udongo, fito zimeinuliwa. Mlango wa nyumba ndogo ulikuwa wazi, na ndani Mbeyu alikuwa analia kwa sauti ambayo Mwatime aliijua kwa kazi yake, sauti ya mwanamke ambaye nguvu zinaanza kumwisha.

Ndoro alitokeza mlangoni. Mikono yake ilikuwa na damu hadi viwikoni. "Shemeji!" alipiga kelele. "Mguu! Umetoka mguu!"

"Usiuvute!" Mwatime alilia. "Ndoro, usiuvute!"

"Nifanye nini? Niambie!"

Watu wote walimgeukia Mwatime. Mtu mmoja alimwekea ufito mkononi. Bi Mishi, machozi yakimtiririka, alikuwa tayari anafunga wembe kwenye ncha ya mwingine. Walikuwa watu wema, kila mmoja wao. Walisimama pale kwa huruma ya kweli, wakisubiri aelekeze, na kama mtoto angekufa wangelia naye na kumpelekea chakula cha matanga kwa ufito, nusu kikimwagika njiani. Mwatime aliwachukia wote kwa wakati mmoja.

Aliutupa ufito. Aliingia jikoni kwa Bi Mishi, akatoka na mchi wa kutwangia, akakaa chini katikati ya barabara ya Shaba na kulipiga kufuli la mguu wa kulia. Askari wa Nyumba aliyekuwa njia panda alipuliza filimbi. Akapiga tena. Kufuli lilikatika kirahisi, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi kuliko yote aliyoyaona katika nchi ile: lilikuwa bati jembamba la bei ya chini, lisingeweza kumzuia hata kuku. La kushoto halikuhitaji zaidi ya pigo moja.

Akavua viatu, akavuka peku. Wengine walifumba macho, wengine waliwaziba watoto wao macho. Udongo ulikuwa udongo, wenye unyevu kidogo na mizizi ya nyasi. Kuuvuka kulichukua pumzi chache tu.

Kilichofanyika ndani ya nyumba ile ni kazi ya wakunga na hakina haja ya kusimuliwa. Itoshe kusema kwamba Mwatime aliurudisha mguu, akautafuta wa pili, akamwita mdogo wake kwa jina na kumtukana kwa mapenzi mpaka akapata nguvu za mwisho, na mtoto akatoka wa rangi ya zambarau, kimya. Akampulizia. Akamsugua mgongo. Akampulizia tena, na Mbeyu akawa anauliza, "Dada? Dada?" Halafu mtoto alikohoa, akakasirika, akalia. Alikuwa wa kike.

Nje, vigelegele vilianza ng'ambo vikaenea. Askari wa Shaba alisubiri viishe, maana naye alikuwa mtu na adabu zake. Kisha akasoma shitaka kwa sauti kubwa kutoka ukingoni: Mwatime, mwizi, dhidi ya Mwatime, mwenye mali. Alipomaliza akaifunga karatasi kwenye ncha ya ufito na kuinyoosha mpaka mlangoni. Mwatime alitoka, akaichukua, akafutia nayo mikono.

Alipoinua macho alimwona Bi Mishi. Bibi yule alikuwa amekaa chini palepale Mwatime alipokuwa amekaa, mchi mikononi, anapiga kufuli lake. Hakuna aliyemzuia. Aliinuka na kuja, na miguu yake ilikuwa myeupe na laini kama ya mtu aliyekaa majini siku nyingi, na kila hatua ilimuuma, lakini alikuja. Ndoro alipomwona mama yake anakaribia alifanya kile alichokizoea. Aliuchukua ufito uliokuwa umeegeshwa ukutani, akaunyoosha.

"Weka chini," Bi Mishi alisema.

Hakujua aufanye nini. Mama yake alimpokonya, akamshika uso kwa viganja vyote viwili, naye yule mwanamume mzima akaanza kulia kama mtoto aliyepotea sokoni. Bi Mishi aliingia ndani, akanawa, akakaa kando ya kitanda. Mwatime akampa mjukuu wake, amefungwa kwenye kanga, na bibi akampokea kama mtu asiyejua uzito wa mtoto ni kiasi gani.

Hapo ndipo mtu alipobisha hodi. Alikuwa karani wa Nyumba ya Bati, nadhifu, mnyenyekevu, amechana nywele. Nani alimpa habari haijulikani. Hawa huwa wanapewa. Mkononi alikuwa na boksi dogo, na ndani ya boksi mlikuwa na jozi ya viatu vinavyotosha kidole gumba cha mtu mzima, vyenye utepe wa waridi na makufuli mawili madogo sana, yametengenezwa kwa ustadi ambao ungepaswa kutumika kwa jambo jingine.

"Hongera, mama, hongera, baba," alisema. "Ni zawadi ya Nyumba. Bure kabisa."

Ndoro, macho bado mekundu, aliitikia asante kabla hajawaza. Mbeyu aligeuza kichwa juu ya mto na kumtazama mume wake, na Ndoro akasogea mbali na boksi.

"Huyu amezaliwa sasa hivi," alisema Mwatime. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Mbeyu, aliyeijua, alijifunika shuka. "Hata hajanyonya. Amenunua nini kwenu?"

"Bado hajanunua chochote, mama," karani alijibu kwa tabasamu la dhati, kwa kuwa swali lilikuwa rahisi na jibu alilijua. "Ndiyo maana tunamwahi."

Akapiga goti mbele ya kitanda, akafungua makufuli yote mawili kwa funguo zilizokuwa shingoni mwake, akaviweka viatu tayari juu ya kiganja. "Naomba miguu yake, bibi," alimwambia Bi Mishi. "Mara moja tu. Hataumia."

Bi Mishi alimvuta mtoto kifuani. Miguu yake mwenyewe ilikuwa inavuja damu sakafuni, na hakuwa ameitazama hata mara moja.

"Si yangu niitoe," alisema. "Muulize mwenyewe akikua."

Karani alibaki amepiga goti, kiganja kimenyooshwa, akisubiri mtu mwingine ndani ya chumba aseme lolote. Mwatime akamwonyesha mlango.